Jinsi ya Kutengeneza Singo ya Kucheza Ukiwa Kisumu na Kuifikisha kwa Wachezaji

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanamuziki au prodyuza chipukizi aliye na kompyuta, maikrofoni moja na spika za kawaida, ambaye anataka kutoa wimbo utakaochezwa Kisumu, Kakamega na Nakuru. Ninafanya kazi hii Kisumu, na msimamo wangu ni kwamba wimbo wa kucheza hupelekwa mbele ya wachezaji ungali mbichi, wakati bado unaweza kubadilishwa bila gharama kubwa. Hatua zote zinazofuata zimepangwa kwa kuzingatia jambo hilo.

Hatua ya kwanza: amua mwendo kwa miguu

Kabla ya kufungua programu ya kurekodi, simama pamoja na mwimbaji wako mcheze huku mkiimba kiitikio bila ala yoyote, kisha pima kasi mliyoifikia. Muziki wa house kwa kawaida huwa kati ya mapigo 120 na 128 kwa dakika, na amapiano, mtindo wa kucheza wa Afrika Kusini, huwa karibu na 112. Mwendo wowote kati ya hiyo unafaa, mradi mwimbaji aweze kutamka maneno yake yote bila kukimbizana nayo.

Mwendo ukishapatikana, piga hesabu ya muundo. Kwa mapigo 120, kila pigo huchukua nusu sekunde, na hatua moja ya muziki, yaani mapigo manne, huchukua sekunde mbili. Kwa hiyo sekunde 30 ni hatua 15 tu. Spotify huhesabu kuwa wimbo umesikilizwa pale msikilizaji anapofikisha sekunde 30, na hata pasingekuwepo hesabu hiyo, mtu aliye kwenye tuktuk hasubiri dakika nzima ili asikie utamu. Weka utangulizi wa hatua nne, ubeti wa hatua nane, kisha kiitikio kiingie.

Hatua ya pili: ngoma na besi

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote, na ninakusihi ufanye vivyo hivyo. Wasikilizaji wetu husikia wimbo uleule kupitia vyombo viwili visivyofanana hata kidogo: matatu yenye spika kubwa za besi chini ya viti, na simu ambayo spika yake haitoi karibu chochote cha maana chini ya hezi 200 (hezi ni idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde). Ukitengeneza besi nene ya chini tu, kwenye matatu itatikisa vioo, lakini kwenye simu itatoweka kabisa na wimbo utabaki makofi na sauti ya mwimbaji.

Dawa yake ni kuigawa besi mara mbili. Sehemu ya kwanza ibaki chini, safi, bila mwangwi. Sehemu ya pili inakili noti zilezile, ikatwe masafa ya chini, kisha ikolezwe kwa kuikwaruza kidogo (distortion) ili itoe sauti za juu zaidi ambazo spika ya simu inaweza kuzibeba; sikio la msikilizaji litajazia lenyewe kile kinachokosekana. Ufunguo wa wimbo nao una uzito wake. Noti ya E ya chini kabisa kwenye gita la besi ina hezi 41, na spika nyingi za bei nafuu huishindwa, ilhali G ina hezi 49 na A ina hezi 55. Chagua kwanza ufunguo unaomfaa mwimbaji, lakini ikiwa anaweza kuimba vizuri katika E na katika G, mpe G.

Ngoma kubwa ya mguu na besi zisigombanie nafasi moja. Weka kompresa, kifaa cha kupunguza nguvu ya sauti, kwenye besi, uiamuru iishushe kila ngoma inapopiga na kuiachia mara moja, mpaka usikie vyote viwili vikipumua kwa zamu. Anayetaka kuelewa mpangilio huu kwa masikio awasikilize wapigaji wa isukuti wa jamii za Isukha na Idakho, magharibi mwa Kenya, ambao ngoma yao iliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa haraka mwaka 2014. Wao hupiga ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na kila moja ina sehemu yake ya sauti, hivyo hata zikipigwa kwa kasi kubwa huisikii moja ikiimeza nyingine.

Ukitaka ladha ya nyumbani, kama vile gita la benga, nyatiti ya nyuzi nane au orutu ya uzi mmoja, mwite mpigaji halisi badala ya kununua sampuli, na umlipe. Kumbuka kwamba orutu hukaa katika masafa yaleyale ya sauti ya binadamu. Basi iache ijibu pale mwimbaji anaponyamaza, wala isiimbe juu yake.

Hatua ya tatu: maneno ya kiitikio

Kiitikio kiwe na maneno machache, na noti ndefu ziangukie silabi zenye irabu pana kama *a* na *o*. Mkazo wa Kiswahili huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo pigo zito nalo liangukie hapo: katika «tucheze», mkazo uko kwenye *che*, na ukiusukumia kwenye *ze* neno litasikika limepinda hata kwa mtoto. Kijaluo kinahitaji uangalifu wa ziada, kwa kuwa ni lugha ya toni na melodia inayopanda mahali ambapo neno linashuka inaweza kulifanya lisieleweke. Mwombe mzungumzaji mzawa asikilize mstari huo mara moja tu bila kuyaona maneno, kisha akwambie alichosikia.

Hatua ya nne: kurekodi sauti

Rekodi asubuhi. Mvua ya Kisumu hupenda kuja alasiri au jioni, na chini ya paa la mabati hakuna kifaa kitakachoifuta sauti yake. Tundika mablanketi mazito nyuma na kando ya mwimbaji, asimame sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maikrofoni yenye kichujio cha pumzi, na kilele cha sauti kisizidi desibeli 6 chini ya sifuri, ambayo ndiyo kikomo cha juu kwenye kipimo cha programu. Kiitikio kirekodiwe mara kadhaa, toleo moja likae katikati na mengine kushoto na kulia.

Hatua ya tano: wapelekee wachezaji wimbo mbichi

Andaa mchanganyo wa haraka, bila kuupamba. Upeleke kwa kikundi cha vijana wanaofanya mazoezi ya densi mtaani, uombe uwekwe katikati ya nyimbo nyingine wanazozifahamu, na usiseme kuwa ni wako. Kisha kaa kando utazame. Angalia mabega yanaanza lini, miguu inaanza lini, na hasa ni wakati gani mtu anageuka kuzungumza na mwenzake au anatoa simu mfukoni. Andika dakika na sekunde ya kila tukio. Maswali ya mdomo hayakusaidii sana, kwa kuwa watu wetu wana adabu na watakusifu. Miili yao haina sababu ya kukusifu.

Siku hiyohiyo uusikilize ndani ya tuktuk inayotembea, kwenye spika ya simu iliyo sokoni, na ikiwezekana kwenye matatu. Kwenye steji, zungumza kwa heshima na dereva na makanga wake wakati gari linasubiri abiria, si wakati linajaza. Rudi studio na daftari lako. Mara nyingi utakuta kwamba ubeti wa pili ni mrefu kupita kiasi, au kwamba ngoma zinapokatika kabla ya kiitikio, ukimya huo unadumu hatua moja zaidi ya uvumilivu wa mchezaji. Kata. Huu ndio wakati wa kukata, hata pale mstari ulioupenda unapoondoka.

Hatua ya sita: mchanganyo wa mwisho na masta

Chuja masafa yaliyo chini ya hezi 80 kwenye kila ala isipokuwa ngoma kubwa na besi. Masta yako, yaani faili ya mwisho ya kusambazwa, isizidi desibeli 1 chini ya sifuri, na usiikandamize ili kuipigisha kelele, kwa sababu Spotify huirudisha takriban kwenye kiwango cha -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti ya wimbo mzima) na kinachobaki ni wimbo uliochoka. Hifadhi faili ya WAV ya biti 24. Tengeneza pia toleo la madijei lenye hatua 16 za ngoma pekee mwanzoni na mwishoni, ili waweze kuuunganisha na nyimbo nyingine.

Hatua ya saba: karatasi

Kabla wimbo haujatoka, andikeni mgawanyo wa umiliki na kila mmoja atie sahihi: mtunzi wa maneno, mtunzi wa melodia, prodyuza, na makubaliano na yule mpigaji wa orutu. Hakimiliki ya utunzi na ile ya rekodi ni vitu viwili tofauti kisheria, na wimbo unapoanza kulipa ndipo urafiki usio na karatasi huvunjika. Sajili kazi yenu kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, na uwaulize hapohapo ni vyama vipi vya kukusanya mirabaha vyenye leseni mwaka huo.

Hatua ya nane: kuutoa na kusoma mapokezi

Mpe msambazaji, yaani kampuni inayopeleka nyimbo kwenye majukwaa ya mtandaoni, faili wiki tatu au nne mapema. Spotify huhitaji angalau siku saba kabla ya wimbo kutoka ili pendekezo lako liwafikie wahariri wa orodha zao, na wimbo uwafikie wafuasi wako. Usizisahau Boomplay, YouTube na Skiza (huduma ya Safaricom ya milio ya simu), ambazo kwa hadhira yetu zina uzito mkubwa. Wapelekee madijei wa vilabu na watangazaji wa redio za eneo toleo lao wewe mwenyewe.

Wiki mbili baadaye, fungua takwimu za YouTube utazame mahali ambapo wasikilizaji wanaondoka, kisha ulinganishe na zile sekunde ulizoandika ukiwatazama wachezaji. Zikilingana, kipande hicho ndicho cha kurekebisha katika toleo la remiksi. Wasikilizaji wakiwa wengi katika mji usioutarajia, tuseme Nakuru au Eldoret, peleka onyesho lako la kwanza huko, hata kama marafiki wako wote wako Kondele, hapa Kisumu.