Baba Asiye na Ndoa: Jinsi ya Kutambuliwa na Sheria, Hatua kwa Hatua

Wanaume wengi wanaokuja kwangu kwa shauri la mtoto huanza kwa kutoa simu. "Wakili, hebu tazama masikio ya huyu mtoto, halafu tazama yangu." Nayatazama, na mara nyingi kweli yamefanana. Kisha nauliza: cheti cha kuzaliwa kina jina la nani? Hapo kimya kinaingia.

Mume wa ndoa hana haja ya kuthibitisha kitu. Sheria za nchi nyingi humhesabu kuwa baba wa mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa hiyo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Asiye na ndoa huanza mikono mitupu. Tena kuna mambo matatu ambayo watu huyachanganya: kuwa baba kwa damu, kutambuliwa kisheria kuwa baba, na kuwa na haki ya malezi, yaani kuishi na mtoto au kuonana naye na kushiriki maamuzi ya shule na matibabu. Unaweza kuwa na mawili ya kwanza ukakosa la tatu. Marekani, baba akisaini hospitalini fomu ya kukiri ubaba, anatambuliwa na anaweza kudaiwa matunzo, lakini katika majimbo mengi bado anahitaji amri ya mahakama ili apate ratiba ya kuonana na mtoto.

Hatua ya 1: Jua sheria ya mahali mtoto anapoishi

Usitumie ushauri wa rafiki aliyeshinda kesi nchi nyingine. Kenya, Katiba ya 2010, ibara ya 53, inawapa baba na mama wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la. Uingereza na Wales, baba asiye na ndoa ambaye jina lake liliandikwa wakati wa kusajili kizazi kuanzia tarehe 1 Desemba 2003 anapata mamlaka ya mzazi hapo hapo. Aliyesajiliwa kabla ya tarehe hiyo hana mpaka asaini makubaliano rasmi na mama, au aende mahakamani. Tanzania, Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu ombi la kuthibitisha uzazi lipelekwe mahakamani hata kabla mtoto hajazaliwa. Unaona tofauti zilivyo. Swali la kumuuliza wakili au afisa ustawi wa jamii ni moja: jina langu likiwa kwenye cheti, ninapata haki zipi, na zipi bado nitaziomba?

Hatua ya 2: Cheti cha kuzaliwa, mkiwa bado mnaelewana

Hii ndiyo hatua rahisi kuliko zote na ndiyo inayorukwa zaidi. Sehemu nyingi baba asiye na ndoa hawezi kwenda peke yake kwa msajili akaandika jina lake. Mama lazima awepo au akubali kwa maandishi. Leo mnapikiana chai na kuitana baba fulani na mama fulani. Mwaka kesho huenda hata simu yako haipokelewi. Nendeni sasa.

Kama cheti kilishatoka bila jina lako, uliza utaratibu wa kusajili upya au kuongeza jina. Kenya zamani sheria ya usajili ilitaka ombi la pamoja la wazazi, na mama akienda peke yake kuandikisha jina la baba, jina hilo lilikataliwa. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu hicho kinakiuka Katiba, kwa sababu kilimbagua mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Maana yake ni kwamba jina la baba kwenye cheti ni haki ya mtoto kabla halijawa haki yako. Shika hilo, litakusaidia kwenye hatua ya 6.

Onyo moja: kama una shaka kuwa mtoto ni wako, usisaini kwa aibu ya wakwe. Kukiri ubaba kuna nguvu ya sheria. Kule Marekani una siku 60 za kubadili mawazo. Zikipita, utalazimika kuthibitisha kuwa ulidanganywa, ulishurutishwa, au kulikuwa na kosa kubwa la ukweli.

Hatua ya 3: DNA, kwa njia inayokubalika

Kipimo chenyewe ni kijiti cha pamba kinachopitishwa ndani ya shavu, lako na la mtoto. Matokeo ama yanakuondoa kabisa, au yanatoa uwezekano wa kuwa baba, kwa kawaida zaidi ya asilimia 99. Usishangae kukosa 100. Maabara haziandiki hivyo.

Kinachoangusha watu ni mnyororo wa sampuli, yaani uthibitisho wa nani alichukua sampuli, ni ya nani, na ilipita mikononi mwa nani. Kipimo ulichojifanyia nyumbani kwa siri, mtoto akiwa amekutembelea, kinaweza kukutuliza moyo lakini mahakama kwa kawaida haitakipokea, kwa sababu hakuna anayeweza kuapa kuwa mate yale ni ya nani. Tena mahali pengine kupima bila idhini ni kosa. Omba mahakama iamuru kipimo, sampuli zichukuliwe na mtu aliyeidhinishwa, na vitambulisho vikaguliwe.

Hatua ya 4: Jenga faili

Hapa nataka utulie, maana kesi nyingi hushindwa kwenye faili hata kabla hazijafika kwa hakimu.

Acha kutoa fedha taslimu mkononi. Tuma kwa simu au benki, kwa jina la mama mwenyewe, na sehemu ya maelezo andika ni za nini: ada, dawa, chakula. Nimekutana na baba aliyelea mtoto miaka minne kwa noti alizokuwa akimkabidhi shangazi mlangoni. Mbele ya hakimu hakuwa na kipande cha karatasi, na shangazi alikuwa upande wa pili.

Tunza kadi ya kliniki uliyokwenda nayo, barua za shule zenye jina lako, picha zenye tarehe, na majina ya majirani au viongozi wa dini waliokuona ukilea. Ulishiriki sherehe ya kimila ya kumpa mtoto jina? Iandike. Sheria ya Mtoto ya Tanzania inataja sherehe ya kimila iliyofanywa na baba, pamoja na kukiri mtoto hadharani, kuwa ni ushahidi wa uzazi, sambamba na rejista ya vizazi na DNA.

Usichohitaji ni kurasa 60 za matusi mliyotumiana usiku. Wateja wangu wanazipenda sana karatasi hizo. Mahakimu hawazipendi.

Hatua ya 5: Jaribu makubaliano

Usuluhishi ni rahisi kuliko kesi, na nchi nyingine huulazimisha. Ila makubaliano ya "atamwona akipenda" hayafai kitu. Andikeni siku, saa, nani anampeleka na nani anamrudisha, likizo zinagawanywaje, matunzo ni kiasi gani na yanalipwa lini. Kisha ombeni mahakama iyasajili. Bila hilo, karatasi yenu ni ahadi tu.

Hatua ya 6: Mahakamani

Pale sheria inaporuhusu, omba yote kwa pamoja: kutambuliwa kuwa baba, kuonana na mtoto au kuishi naye, na kiwango cha matunzo. Omba pia amri ya muda, maana kesi ikichukua mwaka, mtoto mdogo anaweza kusahau sauti yako.

Mahakama itapima maslahi ya mtoto kwanza. Kwa hiyo usianze na "haki yangu". Jiandae kwa maswali ya kawaida: mwalimu wake anaitwa nani? Ana mzio wa kitu gani? Ukiwa kazini atabaki na nani? Baba anayejibu haya bila kutazama karatasi ana nguvu kuliko baba mwenye mawakili wawili.

Ukisikia kuna mpango wa mtoto kuasiliwa, yaani kufanywa kisheria kuwa mtoto wa mtu mwingine, usisubiri hata wiki. Baadhi ya majimbo ya Marekani yana rejista ambayo mwanamume anajiandikisha kuwa huenda ni baba, ili apewe taarifa za namna hiyo. Katika kesi ya Lehr v. Robertson ya 1983, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikubali kuwa baba ambaye hakujiandikisha New York hakuwa na haki ya kupewa taarifa, na mtoto alikuwa amekwisha kuasiliwa na mume wa mama.

Hatua ya 7: Amri ikishatoka

Chukua nakala kadhaa zilizothibitishwa. Moja ipeleke shuleni, moja kituo cha afya, moja ibaki kwenye gari au begi lako.

Mama akikataa kumtoa mtoto siku iliyopangwa, usimchukue kwa nguvu, wala usisimamishe matunzo kumkomoa. Kwa kawaida mahakama huyahesabu matunzo na ziara kuwa mambo mawili tofauti, na ukiacha kulipa unageuka wewe kuwa mkosaji. Fika saa ile ile uliyopangiwa, uwe na shahidi, andika tarehe na ulichojibiwa. Ikitokea mara ya pili, rudi kwa mahakama iliyotoa amri ukiwa na daftari hilo.