Jinsi ya kuanzisha kituo cha jamii ya LGBT na kikakua, ukianzia sebuleni

Haipiti mwezi sijapata meseji kutoka Malindi, Kisumu au Nakuru, mtu ananiambia sisi tuko kama kumi na tano tunataka kufungua senta yetu, tuanzie wapi, na swali la pili huwa ni lile lile, mfadhili tunampata vipi. Nimeona niandike yote mara moja, yale niliyojifunza kwa miaka ya kujitolea kwenye kituo kimoja hapa Mombasa. Jina la kituo nitaliacha, na mkifika kule chini mtaona kwa nini.

Mfadhili muacheni kwanza. Tafuteni siku. Chagueni siku moja ya wiki, saa moja, mahali pamoja, na msibadilishe. Sisi tulianza sebuleni kwa mtu, Jumamosi saa tisa alasiri, chai ya rangi na mahamri, tukiwa saba. Kuna wiki mvua ilinyesha mpaka mtaa wetu wa Buxton ukawa bahari tukajikuta watatu tu, lakini chai ilipikwa. Manake mtu wetu huwa amesikia habari zenu miezi mingi kabla, anapita nje anaangalia, anarudi nyumbani, anafuta namba anaiandika tena, halafu siku moja anajipa moyo anabisha. Siku hiyo akikuta mlango umefungwa na kikaratasi kwamba kikao kimeahirishwa, huyo harudi tena.

Miezi mitatu ya mwanzo msiwe na programu yoyote. Kaeni, kunyweni chai, sikilizeni. Mmoja wenu awe na daftari anaandika shida zinazotajwa bila majina, nani kafukuzwa nyumba, nani kaaibishwa kliniki, nani anatishiwa kwamba picha zake zitatumwa kwa mamake. Daftari hilo ndilo litakalowaambia kituo chenu ni cha nini. Kuna vikundi nimeona vinaanza na proposali ya kurasa arobaini wameinakili mahali, imejaa maneno mazuri, na hakuna hata mmoja aliyeuliza vijana wa pale wanataka nini. Hata GALCK ya Nairobi, muungano wa vikundi vya mashoga na wasagaji Kenya ambao leo unajulikana kote, ilianza 2006 kwa vikundi vidogo kuamua kukaa pamoja, na Januari 2007 World Social Forum, ule mkutano mkubwa wa wanaharakati wa dunia, ilipokuja Nairobi jamii yetu ikawa na hema lake, Q-Spot, yeyote aliyetaka aliingia na kuuliza. Hema na viti, basi.

Nyumba na majirani

Mkishazidi sebule, hapo ndipo mtafute nyumba. Nyumba nzuri ni ile ambayo mtu akiingia hakuna anayejua anaenda kufanya nini. Jengo lenye duka la dawa chini, saluni, ofisi ya wakili, chuo cha kompyuta, hilo ndilo lenu. Iwe karibu na stegi ya matatu lakini mlango usiitazame stegi. Iwe na njia mbili za kutokea. Bango kubwa msiweke, bendera ya upinde wa mvua itundikeni ndani, itapendeza tu.

Landlodi mwambieni ukweli ambao unatosha, kwamba mnafungua kituo cha afya na ushauri, na si uongo kwa sababu ndivyo kilivyo, halafu mkataba uandikwe na usainiwe na risiti ya depositi mtunze. Kuna mwaka sisi tuliambiwa tutoke kwa siku tatu kwa sababu keteka alisikia kitu akampelekea mwenye nyumba. Mkataba tulikuwa nao wa mdomo tu, depositi ya miezi miwili ikaenda hivyo hivyo, na friji tukaisukuma kwa mkokoteni usiku. Tangu hapo hakuna tunachokikubali bila karatasi.

Sasa majirani, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo vituo vingi vinapofia. Februari 2010 pale Mtwapa ulienea uvumi kwamba kutafanyika harusi ya mashoga, umati ukavamia kliniki ya KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, iliyokuwa ikihudumia watu wetu, wenzetu wakapigwa. Wapi kliniki na wapi harusi! Lakini uvumi hauulizi. Funzo nililopata mimi ni kwamba siku ya fujo si siku ya kujitambulisha. Jitambulisheni mapema. Viazi karai vya kikao nunueni kwa mama wa pale mlangoni wala msiagize mbali, maji chukueni kwa yule kijana wa mkokoteni wa mtaa, bodaboda wa kona wajueni kwa majina, mzee wa nyumba kumi akiitisha usafi wa mtaa tokeni na fagio zenu. Mama wa viazi wetu ndiye aliyetupigia simu siku moja kutuambia kuna watu wawili wamesimama toka asubuhi wanauliza maswali juu yetu, tukafunga siku hiyo na wote wakafika kwao salama.

Kwa viongozi wa dini inachukua muda zaidi na msiende kubishana aya. PEMA Kenya, shirika la watu wetu hapa Mombasa, wamefanya kazi ya kuketi na maimamu na mapasta kwa miaka mingi, na watu wanaohitaji kuelewa jinsi mazungumzo hayo yanavyoendeshwa wawaulize wao. Mimi nitasema hili tu, anza na yule ambaye tayari ana mtoto au mpwa wa namna yetu, na kila mtaa yuko. Huyo huhitaji kumshawishi kwamba tupo.

Ukutani ndani ya ofisi kuwe na karatasi ya namba za simu, wakili, mtu mmoja mnayemjua kituo cha polisi, daktari, na NGLHRC, shirika la Nairobi la haki za mashoga na wasagaji, ambao wanasaidia kisheria. Na kila volontia azijue kwa kichwa, kwa sababu siku ya shida simu ndiyo inayonyang'anywa kwanza.

Makaratasi

Wengi wanaogopa hapa, wengine wanadhani haiwezekani kabisa. Inawezekana. NGLHRC walikataliwa kusajiliwa kwa jina lao, wakaenda kortini, wakashinda Mahakama Kuu 2015, wakashinda Mahakama ya Rufaa 2019, na Februari 24, 2023 Mahakama ya Juu ikasema kwa majaji watatu dhidi ya wawili kwamba kuwanyima usajili kwa sababu hiyo ni ubaguzi. Miaka kumi ya kwenda na kurudi kortini ili sisi leo tuweze kujaza fomu. Mkumbuke hilo mnapoona foleni ni ndefu.

Lakini msichanganye mambo. Haki ya kujiunga pamoja ni kitu kimoja, na kifungu cha 162 cha sheria ya jinai alichotuachia mkoloni, kinachotumiwa dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, chenye hadi miaka 14 jela, ni kitu kingine, na Mei 24, 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukifuta. Kwa hivyo katiba ya kikundi chenu iandikwe na mtu anayeelewa sheria, malengo yawe afya, ushauri, haki na uchumi. Kikundi kidogo kinaanzia kwa ofisi ya maendeleo ya jamii kama kikundi cha kujisaidia, mkikua ndio mwende kwa sheria ya mashirika ya manufaa ya umma, ile iliyoanza kutumika Mei 14, 2024.

Na majina ya watu, jamani. Rejista ya mlangoni isiwe na jina kamili wala namba ya kitambulisho, tumieni alama ya siri, herufi mbili na namba. Karatasi inayoonyesha alama ipi ni ya nani ikae kwa mtu mmoja, mahali pengine, imefungwa. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inahesabu mwelekeo wa kijinsia wa mtu kuwa data nyeti, kwa hivyo mkivujisha hamjamuumiza mwenzenu tu, mmevunja sheria pia. Mfadhili akitaka picha za kikao mpeni picha ya vikombe. Nasema kwa dhati, sisi tulishawahi kuona picha moja ya pati ikimfukuzisha kijana kazi, na aliyeiposti hakuwa na nia mbaya hata kidogo.

Programu

Turudi kwa lile daftari. Kwetu shida ya kwanza ilikuwa kliniki, watu wanatibiwa kwa matusi au hawaendi kabisa, kwa hivyo tukaanza na nesi mmoja aliyekuwa akija Jumatano jioni akitoka zamu. Kupima virusi vya Ukimwi, PrEP (dawa ya kujikinga kabla ya kuambukizwa), dawa kwa walioambukizwa, kondomu na vilainishi. Huduma hii itawaletea watu wengi na pia itawaletea pesa, na hapo ndipo hatari ilipo. Kwa sababu pesa nyingi huwa ni za virusi vya Ukimwi na zinalenga wanaume, kituo kinageuka kliniki ya wanaume polepole bila mtu kuamua. Dada zetu wasagaji wanakuja mara mbili, wanakuta mabango yote ukutani si yao, wanaondoka kimya kimya. Hatukugundua mpaka mmoja alipotuambia usoni. Tukawapa Ijumaa nzima iwe yao, na ufunguo wao wenyewe, ajenda yao wenyewe, sisi hatuingii. Wenzetu wa trans, wale ambao jinsia wanayoishi si ile waliyoandikiwa walipozaliwa, nao shida yao kubwa ni vitambulisho na vyeti, na kuna njia imeshafunguliwa, 2014 Audrey Mbugua, mwenzetu wa trans, alishinda kesi dhidi ya baraza la mitihani kuhusu jina kwenye cheti chake, kwa hivyo wakili wa kujitolea hata mara moja kwa mwezi anaweza kubadilisha maisha ya mtu.

Wanaofukuzwa nyumbani msiwalaze kwenye kituo. Najua moyo unauma, ni usiku, mtoto wa miaka kumi na tisa amekaa kwenye ngazi na begi. Lakini kituo kinajulikana, na mahali pa kujificha hapatakiwi kujulikana. Nyumba ya hifadhi iwe mbali, anwani ijulikane na watu wawili watatu, ama muwe na familia ambazo zimekubali kupokea mtu kwa wiki mbili na kituo kinatoa unga na mafuta. Anayefika akiwa hajatimiza miaka kumi na nane, mpigieni wakili simu usiku huo huo kabla ya kufanya lolote.

Wazazi msiwasahau. Kuna mama alikuja kwetu akitafuta mwanawe, alikuwa amepelelezea mpaka akafika, akakaa kwenye benchi la nje na leso yake, chai akakataa, kuingia akakataa. Akauliza swali moja tu, anakula? Tukamwambia anakula. Akaondoka. Mwezi uliofuata akarudi na sasa hivi yeye ndiye anayeendesha kikao cha wazazi, Jumapili ya mwisho ya mwezi, na anawaambia wenzake mambo ambayo sisi hata tungesoma vipi tusingeweza kuyasema.

Kuna programu nyingine hamtaiona kwenye proposali ya mtu, nayo ni mazishi. Wenzetu wanakufa na familia nyingine hawataki kuchukua maiti, au wanachukua na kuwafukuza marafiki makaburini. Muwe na mfuko wa matanga, shilingi hamsini kila wiki kila mtu, na kila mwanachama ajaze kadi, nani apigiwe simu, dini yake, angependa nani amuoshe au nani amsomee. Inawekwa kwenye bahasha. Tumefungua nne mpaka sasa.

Pesa

Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya nje, vituo vingi vilivyokuwa vinategemea PEPFAR, mfuko wa Marekani wa Ukimwi, vilipata barua ya kusimamisha kazi, wengine wiki hiyo hiyo wakafunga milango na dawa ziko ndani. Sisi nesi alipunguzwa siku lakini mlango haukufungwa, kwa sababu kodi ya nyumba ilikuwa haitoki kwa mfadhili. Inatoka kwa chama, mia mbili kila wiki, na kwa jiko letu la kupika pilau na biriani za shughuli za watu mtaani. Hiyo ndio hesabu ninayowaomba muishike, kodi, umeme na chai zitoke mfukoni mwenu, mfadhili alipie vya juu. Mkifika hapo mnaweza kuomba kwa UHAI EASHRI, mfuko wa wanaharakati wa Afrika Mashariki, wamekuwepo tangu 2009 na ugavi wa pesa zao wanaharakati wenyewe wanashiriki kuamua, kwa hivyo anayesoma barua yenu anajua mnaongea nini. Pesa zipitie till ya kikundi, kutoa iwe saini za watu wawili, na kila mwezi karatasi ya hesabu ibandikwe ukutani pale pale kila mtu asome. Volontia mpeni nauli. Mtu hawezi kutoka Likoni kila siku kwa moyo tu.

Kukua

Programu mpya sisi tunaongeza pale tu jambo limeulizwa na watu tofauti mara tatu na kuna mtu amejitokeza kuliongoza, vikikosa hivyo tunangoja. Lakini chumba tunatoa bure kwa kikundi chochote cha wenzetu kinachotaka kukutana. Hili nilijifunza kwa kusoma habari za kituo cha New York, kilichoanzishwa 1983 kwenye jengo kuukuu la shule, wakawa wanakaribisha kila kikundi, na Machi 1987 kutoka kwa mkutano mmoja ndani ya jengo hilo kikazaliwa ACT UP, kundi lililoilazimisha serikali ya Marekani ishughulikie dawa za Ukimwi. Aliyetoa chumba hakujua kitatoka nini mle.

Uongozi ubadilike. Muda wa mwenyekiti uandikwe kwenye katiba na ukiisha aondoke, hata kama yeye ndiye mwenye ile sebule ya kwanza. Wetu aliondoka baada ya miaka minne, akawa analia, sisi pia, Jumamosi iliyofuata akaja akakaa kwenye mkeka kama wengine.

Na tawi la mji mwingine msilifungue nyinyi. Watu wa Ukunda walipotuomba tulivuka feri kila Alhamisi kwa miezi mitatu, tukakaa kwao tukanywa chai yao, na walipokuwa tayari wakachagua siku yao na katibu wao na mama wa viazi wao. Sisi tuliwapelekea daftari moja jipya na sufuria.