Kutoka asilimia hadi fomula: tufanye na asidi ya mawese

Swali linakuja hivi: asidi ya palmitiki, ile asidi ya mafuta inayounda sehemu kubwa ya mawese yetu, ina kaboni 75.0%, hidrojeni 12.5% na oksijeni 12.5%. Tafuta fomula yake ya empiriki, yaani ile inayoonyesha uwiano mdogo kabisa wa atomu zake.

Wengi wakiona hidrojeni na oksijeni zote 12.5% wanaandika haraka kwamba atomu zake ziko sawa. Mtego uko hapo. Asilimia zinapima uzito, ilhali fomula inahesabu atomu. Shuka mwaloni Kibirizi ununue kilo moja ya dagaa na kilo moja ya migebuka, samaki wakubwa kuliko dagaa; mzani utasema sawa, lakini hebu hesabu vichwa. Hidrojeni ndiyo dagaa wa kemia, hakuna atomu nyepesi kuliko yake.

Hatua ya kwanza: chukulia una gramu 100 za asidi hiyo. Asilimia zinageuka gramu bila jasho: 75.0, 12.5 na 12.5. Ukichukua gramu 37 jibu halibadiliki, ila umejitafutia kazi ya bure.

Hatua ya pili: gawanya kila gramu kwa uzito wa atomu wa elementi yake (C = 12, H = 1, O = 16) upate moli, kipimo cha kuhesabia atomu.

Kaboni: 75.0 ÷ 12 = 6.25
Hidrojeni: 12.5 ÷ 1 = 12.5
Oksijeni: 12.5 ÷ 16 = 0.78125

Hiyo 0.78125 iache ilivyo. Ukiikata ikawa 0.8, mbele utapata kaboni 7.8 na hidrojeni 15.6, kisha utaanza kubahatisha. Nikisahihisha madaftari, alama nyingi naona zinapotelea hapa kuliko kwenye kemia yenyewe.

Hatua ya tatu: gawanya zote kwa iliyo ndogo kuliko zote, yaani 0.78125. Unapata 8, 16 na 1. Fomula ya empiriki ni C₈H₁₆O.

Mtungaji wa mtihani mara nyingi haishii hapo, atakupa na uzito wa molekuli, hapa ni 256. C₈H₁₆O ina uzito wa 96 + 16 + 16 = 128, na 256 ÷ 128 = 2. Zidisha kila namba kwa 2: C₁₆H₃₂O₂. Hiyo ndiyo fomula ya molekuli, yaani idadi halisi ya atomu ndani ya molekuli moja.

Maswali ya wanachama

Mwanafunzi, Ujiji: Shikamoo mwalimu. Mimi oksijeni nimeigawanya kwa 32 kwa sababu tulifundishwa oksijeni ni O₂. Nimepata C₁₆H₃₂O. Nimekosea wapi?

Marahaba. Hiyo 32 ni ya molekuli ya gesi, ile tunayoivuta. Ndani ya kampaundi tunahesabu atomu mojamoja, kwa hiyo ni 16. Jibu lako linadanganya kwa sababu limefanana mno na la kweli. Lijaribu kwa kurudi nyuma: C₁₆H₃₂O ina uzito wa 240, na kaboni humo ni 192, sawa na 80%. Swali lilisema 75%. Ukaguzi huo hauchukui hata dakika, ufanye kila mara.

Mwanachama, Kasulu: Oksidi ya chuma, chuma 70% na oksijeni 30%. Napata 1 kwa 1.5. Niandike FeO₂?

Hapana. 70 ÷ 56 ni 1.25, na 30 ÷ 16 ni 1.875, kwa hiyo uwiano wako ni sahihi. Ila nusu ya atomu haipo, basi zidisha pande zote mbili kwa 2: Fe₂O₃, oksidi inayoupa udongo mwekundu rangi yake. Ukiona .33 au .67 zidisha kwa 3, ukiona .25 au .75 zidisha kwa 4. 1.98 iite 2 bila wasiwasi, hayo ni makombo ya makadirio. 1.5 usiikadirie iwe 2.

Mzazi, Tabora: Namsaidia binti yangu. Swali la sukari ya asali limetoa kaboni 40% na hidrojeni 6.7% tu, eti iliyobaki ni oksijeni. Tumepata CH₂O, lakini daftari lake linasema CH₂O ni ya asidi ya siki!

Mmepatia, mzazi mwenzangu. Iliyobaki ni 53.3%, na uwiano unatoka 1:2:1. Daftari nalo halijakosea. Glukosi na fruktosi, sukari kuu mbili za asali, zina uzito wa molekuli wa 180, ambao ni mara 6 ya CH₂O: C₆H₁₂O₆. Asidi ya siki ina 60, mara 2 tu: C₂H₄O₂. Bila uzito wa molekuli huwezi kuzitenganisha. Tena glukosi na fruktosi zina hata fomula ya molekuli moja. Zinatofautiana kwa mpangilio wa atomu, na hilo asilimia haziwezi kukuambia.

Mwanachama, Uvinza: Na chumvi yetu? Mbona haina fomula ya molekuli?

Sodiamu 39.3% gawanya kwa 23, klorini 60.7% gawanya kwa 35.5, zote zinatoa 1.71, ndiyo NaCl. Lakini chembe ya chumvi haina molekuli. Ni ioni (atomu zenye chaji) za sodiamu na kloridi zilizopangana kwa zamu, juu, chini na pembeni, mpaka ukingoni mwa chembe. Fomula ya empiriki ndiyo hiyo hiyo unayoitumia kila mahali, na uzito wake ni 23 + 35.5 = 58.5.