Zabuni za serikali ndani ya NeST, tuelekezane

Siku hizi ukimfuata afisa manunuzi wa halmashauri na zabuni yako kwenye bahasha ya kaki atakuangalia tu, mambo yote yako NeST, ule mfumo wa manunuzi ya serikali ya Tanzania kwa mtandao uliokuja 2023 ukautoa ule wa zamani, TANePS, na Sheria ya Ununuzi wa Umma namba 10 ya mwaka huohuo nayo ikakazia. Hata sisi wauza karatasi na wino wa printa hatuna pa kukwepea.

Anza na makaratasi kabla hujagusa kompyuta: TIN, leseni ya biashara iliyo hai, usajili wa BRELA (wale wanaosajili majina ya biashara na kampuni), namba ya NIDA ya mhusika. Jina la biashara liwe lilelile kila mahali, sio huku Traders kule Trading, maana utajichelewesha bure.

Halafu ingia nest.go.tz ujisajili, uchague aina za biashara unazofanya. Hapa ndo wengi wanachemka, wanachagua haraka haraka mradi wamalize, baadae inatoka zabuni ya usafi na wao wamejaza stationari peke yake, basi wanabaki kuitazama tu. Chagua kwa kufuata leseni yako. Kama mko kikundi cha kina mama, vijana, wazee au watu wenye ulemavu msiache kupita kwa afisa maendeleo ya jamii, kuna asilimia 30 ya manunuzi ya kila taasisi imetengwa kwa ajili yenu na wengi hata hawaijui.

Ukipata zabuni soma nyaraka YOTE, sio ukurasa wa bei tu. Wakitaka tamko la dhamana ya zabuni, yaani ile karatasi ya kuahidi kwamba hutajitoa njiani, liwepo, limesainiwa na mwenye mamlaka ya kusaini. Kwenye bei unajaza ya kipande kimoja, rimu moja kwa mfano, kwa hiyo angalia kwanza wameandika rimu au katoni, ukichanganya hapo umeshajimaliza mwenyewe.

Sasa mimi nilishawahi kujaza kila kitu, nikasevu, nikaenda zangu kunywa chai nikijua nimemaliza. Kumbe kusevu sio kutuma! Saa nne kamili dirisha likafungwa, zabuni yangu imebaki rasimu, na hakuna wa kumpigia simu eti naomba dakika tano. Tuma siku moja kabla, usisubiri asubuhi ile ambayo intaneti nayo ina mambo yake.

Muda ukifika zabuni zinafunguliwa humohumo, kabla ya hapo bei yako haionwi na mtu, hata afisa manunuzi. Wanaotathmini nao wanafanyia ndani ya mfumo, kisha unaletewa taarifa ya kusudio la kutoa tuzo, yaani nani wanakusudia kumpa kazi, na kama umekosa sababu inaandikwa. Hujaridhika? Malalamiko unayaweka humohumo, ila siku zake ni chache na zinahesabiwa, hivyo usisajili kwa imeili ya yule kijana wa steshenari aliyekusaidia kuskani, weka ya kwako unayoifungua kila siku.