Mkao na Pumzi katika Taichi: Kuzifikia Sehemu za Nguvu kuanzia Unyayoni

Mafundisho ya Kichina husema kwamba chi, yaani nguvu ya uhai, hupita katika sehemu maalumu za mwili. Hakuna kifaa cha kisayansi kilichowahi kuipima nguvu hiyo, lakini sehemu zenyewe humsaidia sana anayejifunza taichi, mazoezi ya Kichina ya mijongeo ya polepole, kujua aelekeze wapi mawazo yake, ilimradi asizilazimishe. Mkao ukiwa sahihi, pumzi hushuka yenyewe.

Anza kwa kusimama tu. Miguu iachane kwa upana wa mabega, vidole vielekee mbele, na magoti yalegee bila kupita ncha za vidole. Tafuta Yongquan, mojawapo ya sehemu hizo: ni kibonyeo kinachotokea chini ya unyayo, upande wa mbele, unapokunja vidole. Uzito uenee katika unyayo wote huku ukikihisi kibonyeo hicho kikigusa ardhi. Nashauri ukae katika hatua hii kwa muda mrefu kuliko nyingine zote, kwa kuwa uzito ukielemea kisigino au vidole, misuli ya mapaja na kiuno hukaza ili usianguke, na kiuno kilichokaza huizuia pumzi kufika chini.

Kisha inua utosi, mahali paitwapo Baihui, kana kwamba umeshikwa na uzi kutoka juu, kidevu kikirudi ndani kidogo. Yang Chengfu (1883–1936), mwalimu mashuhuri wa mtindo wa Yang, aliiweka kanuni hii ya kwanza kati ya kanuni zake kumi, na ya tatu ikawa kulegeza kiuno. Hizo mbili hufanya kazi pamoja: kichwa kikipanda na makalio yakishuka bila kubinuka, mgongo wa chini hunyooka, na Mingmen, iliyo kwenye uti wa mgongo nyuma ya kitovu, hupata nafasi ya kutanuka.

Sasa pumua kwa pua. Elekeza mawazo kwenye Dantian, takriban vidole vitatu chini ya kitovu, ndani ya tumbo. Weka kiganja kimoja hapo na kingine mgongoni kwenye Mingmen. Pumzi inapoingia, viganja vyote viwili vinapaswa kusukumwa taratibu, na kama ni cha mbele pekee kinachosogea, legeza kiuno zaidi badala ya kuvuta hewa kwa nguvu.

Hapo ndipo mikono ianze kusogea: vuta pumzi inapopanda hadi usawa wa mabega, toa inaposhuka, viwiko vikiwa vizito. Laogong, iliyo katikati ya kiganja, ibaki na bonde dogo. Joto likitokea viganjani, usilikimbilie wala usilizuie.

Dakika tano zinatosha kwa anayeanza. Usibane pumzi, hasa ukiwa na shinikizo la damu, na ukihisi kizunguzungu au maumivu ya goti, keti na upumue kama kawaida.