Ekzosi inavuja? Isikilize asubuhi ya baridi
Baridi ya Juni na Julai hapa Dodoma inasaidia: washa gari alfajiri, nje, si ndani ya banda. Mlio wa "tik-tik-tik" unaofifia injini ikipata moto mara nyingi ni gasketi (kizibo chembamba cha maungio) ya manifoldi, yaani bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye injini. Chuma kikitanuka, upenyo unajiziba. Bomba likiwa bado la baridi, mtu azibe mdomo wa ekzosi kwa tambara nene sekunde chache, wewe nyunyizia maungio maji ya sabuni. Povu litakuonyesha. Masizi meusi kwenye maungio nayo hayadanganyi.

Tundu likiwa kabla ya sensa ya oksijeni (kifaa kinachopima oksijeni kwenye moshi), hewa huingia, kompyuta ya gari hudhani petroli haitoshi na kuiongeza; taa ya injini huwaka. Usikimbilie kununua sensa! Badili gasketi kwanza, nati zikazwe kuanzia katikati kwenda pembeni.