Umepewa numero tupu? Hivi njo unatafuta kitu mu katalogi

Mdogo wangu iko anaandika memwari yake ya kumaliza chuo hapa Bukavu juu ya vinyago vya Balega, kabila la huku mashariki ya Kongo, na juzi alinitumia kwa WhatsApp picha ya noti moja ya chini ya ukurasa, imepigwa ya kupinda, nusu ya kidole iko ndani, akauliza: "Yaya, hii EO ni nini?" Ilikuwa mstari mmoja tu: EO, nukta, zero, nukta, zero, nukta, halafu tarakimu kadhaa. Promota wake, mwalimu mwenye kumuongoza, alimwambia atafute kitu chenyewe akione kwa macho, asikopi maneno ya mwingine. Ilikuwa numero ya kitu cha museum. Nikaona heri niandike kabisa namna ya kutafuta kitu kwa numero yake, ju najua si yeye peke yake mwenye kukwama hapo.

Kwanza sababu ya kusumbuka na numero. Majina yanadanganya bandugu. Balega hao hao mu vitabu vya zamani utabakuta kama Warega, Rega, Lega, kila mzungu aliandika vile sikio yake ilisikia, sasa ukiandika jina moja tu mu kisanduku cha kutafuta nusu ya vitu vinakupita pembeni. Numero iliandikwa mara moja mu rejista ya museum, mara nyingi na ku kitu chenyewe kwa wino, na hata maelezo yakibadilishwa mara kumi yenyewe inabaki.

Lakini uliza kwanza: numero ni ya nani? Numero bila nyumba yake ni kama kuambiwa "parseli 12" bila kuambiwa ni avenue gani. Tuseme umepewa 61.33. Andika hiyo peke yake ku Google uone, utaletewa bei za vitu na takwimu za mpira. Andika "Brooklyn Museum 61.33" na itatokea ndop, ile sanamu ya mfalme wa Bakuba, Mishe miShyaang maMbul, ya Kasai yetu, iko New York. 61 ni mwaka 1961, wakati iliingia kwao, na 33 ni nafasi yake mu orodha ya mwaka ule. Ukishajua hivyo numero inaanza kuongea.

Ndop ingine iko London, British Museum, na numero yake ni Af1909,1210.1. Af ni Afrika, 1909 mwaka, 1210 ni mwezi wa 12 tarehe 10, siku waliiandika mu rejista, halafu .1 ni kitu cha kwanza mu kundi la siku ile. Angalia vizuri: kuna koma, halafu nukta. Si makosa ya mwenye kuchapa. Ukiweka nukta mahali pa koma unaweza kuambiwa kitu hakiko, kumbe kiko kinakungojea.

Museum nyingi zinatumia vipande vitatu: mwaka, fungu, kitu. Mfano Metropolitan ya New York: 1978.412.323 ni kile kinyago cha pembe ya tembo cha mama wa mfalme wa Benin, Nigeria (pacha yake iko London, Af1910,0513.1). Sasa hapa njo kuna utamu, shika hii hata ukisahau zingine: kata mkia. Tafuta 1978.412 peke yake na utaona vitu vilivyoingia pamoja. Fungu moja mara nyingi ni mkono mmoja, mtu mmoja alileta vyote. Kama memwari yako ni juu ya kijiji fulani, majirani wa kile kitu wanaweza kukusaidia kuliko chenyewe: .1 ni kinyago, .2 kofia, .3 kijiko, na maelezo ya mahali vilitoka yaliandikwa ku kimoja tu.

Museum ya Tervuren kule Ubelgiji, mahali vitu vyetu vingi viko, numero zinaendaka na muundo huo huo na herufi mbele. EO ni vitu vya etnografia, HP ni picha za zamani. Ukiona EO.1955 na vipande viwili nyuma, unasoma kama ile ya Metropolitan. Ukiona EO.0.0, mahali pa mwaka na fungu wameweka zero tu, usifikiri ni mwaka 2000, na kukata mkia hapo hakukuletei majirani.

Na hizo ni ZERO. Mimi nililala macho usiku mbili nikichoma mega nikiandika herufi O, EO.O.O, nikasema bazungu wameficha kitu. Hakuna aliyeficha. Simu yangu ilikuwa inajirekebisha yenyewe nyuma yangu. Tangu siku ile nazima ile autokoreksheni kabla ya kuandika numero yoyote.

Namna ninavyofanya sasa: naingia mu katalogi ya nyumba yenyewe, si Google, natafuta "recherche avancée", ju pale kuna kisanduku cha numero ya inventeri peke yake. Naandika kama ilivyo, na nukta zote. Ikikataa, naweka mu alama za kunukuu. Ikikataa tena natoa nukta naweka nafasi, halafu naandika tarakimu za mwisho tu pamoja na neno moja kama "masque". Kufika pale mara nyingi inakuwa imetoka.

Kwa makala ni rahisi zaidi. Ukiona numero yenye kuanza na 10. na mkwaju katikati, hiyo ni DOI, numero ya kudumu ya makala mu intaneti: andika doi.org/ halafu bandika numero yote. Toa nukta ya mwisho kama ni ya sentensi, hiyo inaangusha watu kila siku. Ikikupeleka ku mlango wa kulipa, usitoe dola zako, chukua kichwa cha makala ukitafute HAL ya Bafaransa ao ORBi ya univerisite ya Liège, hifadhi za makala mu intaneti, ju wenye kuandika wengi wanaweka kopi ya bure kule. Mu HAL numero ya tel- ni thèse ya udaktari, hal- ni makala na zingine. Ya ORBi inaanza na 2268/ na unaibandika nyuma ya hdl.handle.net/.

Banafunzi ba medsini, kwenu ni katalogi za NCBI (GenBank na RefSeq), mahali jenomu zinawekwa. NC_002549.1 ni jenomu ya Ebola ya aina yenye kuitwa Mayinga, ile ya Yambuku 1976. Kimstari cha chini usikitoe, na .1 ya mwisho ni toleo, andika mu memwari toleo ulilotumia.

Archive ni kichwa kingine. Hapa numero watu wanaiita "cote", mdogo wangu alisikia koti akacheka, lakini njo hiyo. Cote ya archive haikupi karatasi, inakupa sanduku ao faili nzima. Kule National Archives ya Uingereza, FO 10/ na numero nyuma ni: FO wizara ya mambo ya nje, 10 mfululizo wa Ubelgiji, na baada ya mkwaju faili. Mu archive za kikoloni za Ubelgiji utakuta AIMO, ile ofisi ya mambo ya wenyeji na kazi. Faili nyingi hazijapigwa skani, katalogi inakuonyesha maelezo tu, kwa hiyo usikae unabonyeza ukifikiri ni intaneti mbaya. Na ujihadhari na numero zenye sura ya mwaka: ripoti ya Casement, konsuli wa Uingereza, juu ya Kongo ni Cd. 1933, numero ya karatasi za bunge la Uingereza, na ilitoka 1904. Nimeona mtu ameiweka mu orodha yake kama kitabu cha mwaka 1933.

Ukishindwa kabisa, andikia nyumba yenyewe imeli ya mistari mitatu: numero, uliiona mu kitabu gani ukurasa gani, unataka nini. Wenye kutunza wanapenda numero kuliko hadithi ndefu ya maisha yako.

Ya mdogo wangu sasa. Tuliandika kila kitu vizuri, zero zilikuwa zero, na ikatoka mkuki. Mkuki! Yeye anatafuta kinyago. Tukarudia picha, tukaikuza mpaka ikawa mawingu, tarakimu ya mwisho ilikuwa chini ya kivuli cha kidole chake. Tulisoma 3. Tukaweka 8, na kinyago kikatokea, kidogo, cheupe usoni, na ndevu za nyuzi.